Nyumba Mbili za Bonde: Historia ya Kilombero Kutoka Dirisha la Kliniki

Mfululizo wa lishe tumeumaliza wiki iliyopita, na wengi mkaniomba nirudi kwenye historia ya huku kwetu. Haya, tumerudi. Safari hii ni Bonde la Kilombero lenyewe: ardhi yake, watu wake, na jinsi historia inavyoingia mpaka kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Nimegawa vipande sita, soma taratibu, hata ukiwa kwenye foleni ya mashine ya kukoboa.

Nitaeleza jambo moja tu, kwa njia ndefu kidogo. Mkulima wa Bonde hili ana nyumba mbili. Moja iko kijijini au mjini, karibu na barabara, shule na zahanati. Nyingine iko shambani, mbugani, kwenye mpunga. Anayepanga mambo yetu akiiona nyumba moja tu, mipango yake inakwama. Akiziona zote mbili, mambo yanakwenda. Tuone kama historia inakubali.

SEHEMU YA 1: ARDHI NA MAJI

Fungua ramani. Upande wa kaskazini magharibi kuna Milima ya Udzungwa, imesimama kama ukuta. Kilele chake kirefu, Luhombero, kina mita 2,576. Upande wa kusini mashariki kuna milima ya Mahenge. Katikati yake ndo sisi: bonde lenye urefu wa kama kilomita 250, na upana unaofika kilomita 65 pale linapopanuka. Ifakara iko chini kabisa, kwenye mita zisizozidi 300 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mgeni akishuka na kulalamika joto, mwambie asituonee, ni jiografia.

Mvua inayonyesha juu ya milima haina pa kwenda isipokuwa huku. Mnyera, Ruhudji, Mpanga, Kihansi, Lumemo na mito mingine mingi inashuka na kuingia Mto Kilombero. Nao Kilombero ukikutana na Luwegu, unazaliwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka kwetu. Leo ukiwasha taa kwa umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, ujue maji yake mengi yalipita kwanza kwenye mpunga wa mtu wa Malinyi au Mlimba.

Masika yakikolea, mto unatoka kitandani mwake na kutanda mbugani. Maji yanaleta udongo mpya kutoka milimani, na huo ndo mbolea ya babu na bibi. Mkulima anatayarisha shamba kuanzia Novemba, anapanda mvua zikishika, analinda ndege mpunga ukianza kuchanua, na anavuna kuanzia Mei hadi Julai. Kiangazi maji yanarudi mtoni, yanabaki madimbwi yenye kambale na perege, na majani mabichi wakati kwingine kumekauka. Mwaka 2002 dunia ililitambua Bonde hili kama ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Yule swala wetu mwekundu, sheshe, anaishi kwa kufuata hayo hayo maji: yakipanda anasogea pembeni, yakishuka anarudi.

Na binadamu wa Bonde amefanya hivyo hivyo siku zote. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

SEHEMU YA 2: WENYEJI, NA MIAKA MIBAYA

Wandamba ndo watu wa maji. Uvuvi, mitumbwi ya kuchonga, na kilimo cha mbugani ni ujuzi wao wa zamani. Wapogoro wapo upande wa Mahenge na pembezoni mwa Bonde. Wabena wa mtoni walijijenga upande wa juu, Utengule. Wambunga walifika katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakiwa na mbinu za vita za Kingoni, wakaishika sehemu ya Ifakara. Na Wahehe walikuwa wakishuka kutoka milimani, mara kwa vita, mara kwa biashara. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Ifakara imechanganyika siku hizi, mwambie imechanganyika tangu enzi za mababu zetu.

Wajerumani walijenga boma lao Mahenge. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji, vilivyoanza Julai kule Umatumbi, vilifika kwetu ndani ya wiki chache. Wapogoro na Wambunga waliingia vitani, na tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge. Walikutana na bunduki za rashasha. Waliokufa siku ile ni wengi sana.

Lakini kama mtu wa afya, naomba mniruhusu nisimame kwenye kilichofuata. Risasi zilifuatwa na njaa. Wajerumani walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakaharibu mashamba, ili watu wasalimu amri kwa tumbo. Serikali ya kikoloni yenyewe ilikadiria vifo 75,000 katika eneo lote la vita. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifikia makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu kubwa ya hao hawakuuawa kwa silaha. Walikufa kwa njaa na magonjwa yanayofuata njaa, na mnajua wenyewe njaa inaanza na nani: watoto, wajawazito, wazee.

Kabla watu hawajapumua, ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani mpaka Oktoba 1917 ilipotekwa na majeshi ya Wabelgiji. Majeshi yanakula, na chakula cha karibu kilikuwa cha Bonde. Majeshi yanabebewa mizigo, na wabebaji walikuwa vijana wetu. Ndani ya miaka 12, Bonde la mpunga likavuliwa chakula mara mbili kwa nguvu.

SEHEMU YA 3: WAGENI WENYE RAMANI, WAGENI WENYE DAWA

Waingereza walipochukua nchi, walilitazama Bonde na kuona utajiri. Mwaka 1929 ilitoka ripoti ya mtaalamu aitwaye Telford kuhusu maendeleo ya mabonde ya Rufiji na Kilombero. Kulikuwa na ndoto ya reli, ndoto ya pamba, ndoto ya mashamba makubwa ya umwagiliaji. Ndoto ya namna hii haijawahi kukauka. Miaka ya 1980 likaanzishwa shamba kubwa la mpunga Mngeta kwa ushirikiano na Korea Kaskazini, mwaka 2008 likaingia mikononi mwa mwekezaji binafsi, na kuanzia miaka ya 2010 Bonde likawa ndani ya mpango wa SAGCOT wa kilimo cha nyanda za kusini. Karibu kila kizazi kimepata mgeni wake mwenye ramani, na kwenye ramani nyingi mbuga inaonekana kama ardhi tupu inayosubiri mwenyewe. Mwenyewe yupo. Yuko kwenye nyumba yake ya pili, ila ramani ilichorwa msimu ambao yuko kijijini.

Wageni wa pili walikuja na dawa. Wakapuchini wa Uswisi walifika mwaka 1921, pamoja na masista wa Baldegg. Zahanati ya misheni Ifakara ikakua taratibu, na mwaka 1944 alikuja daktari Karl Schöpf, ambaye jina lake linafungamana na kujengwa kwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1949 akafika Profesa Rudolf Geigy wa Taasisi ya Tropiki ya Basel. Yeye alikuja kutafuta wadudu: mbung'o wa malale, na papasi, wale wanaojificha kwenye sakafu ya udongo na kuleta homa ya papasi. Vijana wa siku hizi hamjui papasi, mshukuruni Mungu.

Miaka ya 1950 Geigy akaanzisha maabara ya utafiti hapa hapa Ifakara, na mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kikafunguliwa kituo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini. Kutoka kwenye mizizi hiyo zimetoka taasisi mbili mnazozijua leo: chuo cha mafunzo ya afya kilichopo hapa mjini, na Taasisi ya Afya Ifakara iliyochukua jina hilo mwaka 2008. Mji wa wali na baiskeli ukawa pia mji wa darubini.

Na hapa mkumbuke jambo. Hospitali, chuo na maabara, vyote vilijengwa kwenye nyumba ya kwanza.

SEHEMU YA 4: RELI, VIJIJI, NA KUZALIWA KWA NYUMBA MBILI

Sasa tunafika penyewe.

Mwaka 1970 ujenzi wa Reli ya Uhuru, TAZARA, ulianza, na 1976 reli ikakabidhiwa rasmi: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Inapita Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Chita, inafika Mlimba, halafu inaanza kupanda kuelekea Makambako, kipande kigumu kuliko vyote, mahandaki na madaraja. Kwa mara ya kwanza gunia la mchele la Mbingu likafika Dar bila kungoja barabara ikauke. Mama muuza ndizi wa Mlimba akapata soko dirishani kwa abiria.

Wakati huo huo ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Nia ilieleweka: huwezi kupeleka shule, kisima na zahanati kwa kaya moja iliyoko kilomita 20 ndani ya mbuga. Watu wakatolewa walikokuwa wametawanyika, wakapangwa kwenye mistari kando ya reli na barabara, kwenye ukingo mkavu wa Bonde.

Lakini mpunga haukuhamishwa. Mpunga unataka maji, na maji yalibaki mbugani. Hivyo mzee akawa na kiwanja kijijini na shamba kule alikotoka. Umbali wa kwenda na kurudi kila siku hauwezekani, hasa maji yakijaa. Kwa hiyo msimu ukianza, familia inafunga mizigo: jembe, sufuria, mbegu, chumvi, kuku wawili watatu, mtoto mgongoni, baiskeli inasukumwa. Wanaenda kuishi shambani kwa wiki au miezi.

Kule kuna dungu. Kwa asiyejua, dungu ni kibanda cha miti, mara nyingi kimeinuliwa juu ya nguzo, paa la nyasi, ukuta nusu au hakuna kabisa. Juu unalala na kuamia ndege, chini maji yanapita. Usiku nguruwe pori, alfajiri kwelea kwelea, na katikati ya hapo mbu.

Si kwamba Operesheni Vijiji ndo ilianzisha tabia ya kusogea na maji. Mababu walisogea pia. Kilichobadilika ni kwamba huduma zote sasa zilifungwa sehemu moja, chakula kikabaki sehemu nyingine, na mama akawa yeye ndo daraja.

SEHEMU YA 5: MBU, MAABARA, NA CHANDARUA KINACHOKUNJIKA

Maji yanayozaa mpunga yanazaa mbu. Hatuna namna ya kulikwepa hili. Watafiti waliopima kijiji cha Namawala mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta kwamba mtu mmoja, asipojikinga, angeumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: karibu kila usiku. Manesi walionitangulia wanasimulia wodi za watoto za masika ya miaka ile, watoto wawili watatu kitanda kimoja, degedege, damu imekwisha, akina mama wamelala chini ya vitanda.

Mwaka 1993 chanjo ya malaria iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, SPf66, ilijaribiwa kwa watoto wa Idete. Matokeo yalichapishwa 1994: ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Dunia ikashangilia. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga, na chanjo ile ikawekwa pembeni. Watoto wa Idete ni watu wazima leo. Wengine wana watoto wanaosubiri chanjo mpya.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa kitu cha kawaida zaidi. Kuanzia 1997 ukaja mradi wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua na dawa ya kuvichovya vikiuzwa kwa bei nafuu, nembo ya Zuia Mbu, wauzaji wakiwa watu wa vijiji wenyewe. Matokeo yaliyotangazwa 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Somo la Bonde likaenda taifa zima: mwaka 2004 ikaanza Hati Punguzo kwa wajawazito nchini.

Sasa swali langu: kwa nini chandarua kilishika?

Majibu ya wataalamu ni mengi: bei, matangazo, imani ya watu kwa muuzaji wanayemjua. Nakubali yote. Ila mimi naongeza moja. Chandarua kinakunjika. Kinaingia kwenye mfuko, kinafungwa nyuma ya baiskeli, kinaenda shambani. Hospitali haiendi shambani. Wodi haiendi. Chandarua kinaenda. Watafiti waliofuatilia familia za wakulima kwenye mashamba ya mpunga miaka ya 2000 walikuta karibu kila kaya ina chandarua, hata wale wanaolala kwenye dungu. Na homa ikimshika mtu kule, wengi walihangaika mpaka wakafika kituo cha afya, wengine baada ya kujaribu kwanza dawa walizokuwa nazo.

Nawaomba msome tena hiyo sentensi. Tunasema sana kwamba mkulima hajali, amechelewa, anapenda shamba kuliko mtoto. Takwimu zinasema amebeba neti kwenye baiskeli kupita maji ya magoti.

SEHEMU YA 6: LEO, NA SWALI LA KUULIZA

Bonde linabadilika haraka. Tarehe 5 Mei 2018 lilizinduliwa daraja la Mto Kilombero lenye urefu wa mita 384, linaunganisha Ifakara na Ulanga na Malinyi. Kabla ya hapo ilikuwa kivuko, na wote tunakumbuka Januari 2016 kilipopinduka mtoni. Mjamzito mwenye uchungu pingamizi kutoka ng'ambo alikuwa anasubiri kivuko, na kivuko kilikuwa kinasubiri mto. Nayo barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kama kilomita 67, imepata lami. Hayo ni maendeleo, nayasema kwa mdomo wazi.

Watu nao wameongezeka. Wafugaji wa Kisukuma, Kimaasai na Kibarabaig wamekuja kufuata majani, migogoro ya ardhi imekuja, na 2012 ilifanyika operesheni kubwa ya kuondoa mifugo. Mipaka ya hifadhi nayo imekazwa. Mbuga iliyoonekana haina mwisho, sasa kila kipande kina anayekidai. Mwenye shamba la karibu limejaa, anaenda mbali zaidi. Nyumba ya pili inazidi kusogea ndani.

Na hapo ndo historia inaingia kwenye kadi ya kliniki. Chukua kadi za watoto waliokosa chanjo, hao tunaowaita watoro. Angalia tarehe walizokosa. Nyingi zinaangukia msimu wa shamba. Ukimuuliza mama, "Mbona hukuja tarehe yako?" anajibu kwa sauti ya chini, "Nilikuwa shamba, nesi," kama vile ameungama dhambi. Amekosa nini? Alikuwa anatafuta wali ambao mimi na wewe tunaula mjini kwa jina la mchele wa Kilombero, Supa, Shingo ya Mwali, Kula na Bwana.

Kuna na watoto wanaobaki kijijini ili wasikose shule. Binti wa darasa la sita anapikia wadogo zake wiki tatu, wazazi wako mbugani. Hayupo kwenye fomu yoyote. Akiugua mdogo wake, yeye ndo mzazi.

Mimi si mtunga sera. Lakini kwenye dawati la kliniki kuna kitu kinachowezekana bila bajeti. Kabla ya kuandika tarehe ya kurudi, muulize mama: "Shamba lenu liko wapi, na mnahamia lini?" Jibu lake linabadilisha kila kitu. Tarehe inawekwa kabla hajaondoka. Chandarua anapewa cha kutosha nyumba zote mbili, kikiwepo. Anaelezwa dalili za hatari zinazomtaka aondoke shambani usiku huo huo, asisubiri kukuche: degedege, mtoto kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kulegea. Mjamzito wa miezi ya mwisho anapangiwa na familia yake nani atabaki naye kijijini. Na huduma ya mkoba inajua iende wapi mwezi wa nne, badala ya kwenda kupima uzito wa watoto kwenye kijiji chenye wazee na mbuzi.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tayari wanajua familia ipi iko dungu lipi. Mwenyekiti wa kitongoji anajua. Mwenye bodaboda anajua kuliko wote, maana ndo anayepeleka chumvi. Kinachobaki ni sisi wenye makoti meupe kuuliza na kuandika.

Kama bibi yako au babu yako alikuwepo wakati wa Operesheni Vijiji huku Kilombero, kaa naye jioni moja umuulize alihamishwa kutoka wapi, na shamba lilibaki wapi. Andika majina ya hizo mbuga, maana wanaoyajua wanapungua. Mfululizo ujao nitaanza na majina hayo.

Masika yako njiani. Neti moja ibaki, moja iende shamba.